Mvuvi wa Manyoya

Badru Mkumba alimdharau Ukasha kabla hajamwona, na siku alipomwona akagundua kwamba alikuwa amemdharau kidogo mno.

Mtu mzima wa miaka arobaini na ushee, mtoto wa wakulima wa korosho wa Bungu, aliteremka kwenye gari pale dikoni Kipandeni, panapoegeshwa mitumbwi, akiwa amevaa kizibao chenye mifuko kumi na saba. Badru aliihesabu. Mfuko mmoja ulikuwa na mkasi, mwingine koleo, mwingine kikopo cha mafuta ya kupakaza mshipi, na kifuani yalining'inia manyoya ya jogoo yaliyofungwa kwenye ndoana kwa uzi mwekundu, yakagundishwa na vijicho viwili vya plastiki. Alisema hao ni nzi wake. Wazazi walikuwa wameuza korosho kwa miaka mingi kumpeleka Ulaya akasomee ujenzi wa mabwawa, naye akarudi na elimu ya pili ambayo hakuna aliyemtuma, ya kuvua samaki kwa nzi wasioruka. Wanawake waliokuwa wakianika uduvi walimtazama, wakatazamana, wakaendelea kuanika.

Kwa kawaida Badru angemwonyesha mtu wa namna hiyo njia ya kurudia Bungu. Lakini wiki ile alikuwa na shida, na shida haimwachi mtu achague wa kumdharau kwa mbali.

Mama yake, Bi Mwanawetu, alikuwa amefariki mwezi uliopita, na Jumamosi ndiyo ilikuwa arobaini yake. Hitma ingesomwa baada ya adhuhuri, watu wale, waondoke wakimwombea. Mchele ulikuwa umetoka kwa ndugu wa Mtunda, nazi zipo, kuni zipo. Kitoweo kilikuwa juu ya Badru, kwa kuwa ndiye mtoto wa kiume na ndiye mvuvi. Bi Mwanawetu hakuwahi katika maisha yake kumlisha mgeni hongwe, samaki wa matopeni mwenye sharubu, na siku zake za mwisho, akiwa amelala ubavu kwenye mkeka, aliwaambia Badru na dada yake Mwantumu neno moja tu kuhusu hitma yake. Watu walishwe kolekole. Msiniaibishe.

Basi Badru, mvuvi kwa miaka thelathini, hakuwa na wavu. Kiboko alikuwa ameupitia wiki ya pili ya matanga akaubakiza vipande vya kufungia kuku. Wenzake wote walikuwa wamekwenda dago, kule mbali mdomoni mwa bahari wanakopiga kambi msimu wa kamba, wala hapakuwa na wa kumwazima. Alijaribu mshipi wa mkono kwa siku mbili, lakini maji yalikuwa ya bamvua, yakienda kasi na kuzoa matope yote ya mto, akapata hongwe wawili. Aliwaleta nyumbani kichwa chini. Mwantumu aliwakausha kwa moshi.

Ndipo akaja huyu wa manyoya, akitafuta mtu wa kumpeleka kwenye vijito. Akatoa simu, akaonyesha picha. Badru aliishika simu ile kwa mikono miwili. Kolekole mmoja, wawili, sita, kumi na wawili, wengine urefu wa mkono mzima, na katika kila picha Ukasha amewakumbatia akichekelea. Wote walikuwa wametoka kwenye vijito vya mto huu huu, upande mwingine, mwezi uliopita. Badru hakuamini yale manyoya hata kidogo, lakini samaki kwenye picha walikuwa samaki.

Ukasha alimuuliza anataka shilingi ngapi kwa siku.

"Miye sitaki hela yako, bosi," Badru akamwambia. "Nataka fungu la mtumbwi."

Kipandeni hakuna asiyejua maana yake. Chombo kina fungu lake katika kila kitakachovuliwa, na anayekiendesha ana fungu lake, na ukiyaweka pamoja inakaribia nusu ya samaki. Watu wameishi hivyo tangu enzi za mababu. Ukasha akacheka, akampiga bega, akasema sawa, kaka, nusu kwa nusu, kila tutakachopata nusu yako. Alidhani ni utani wa watu wa majini, na kimoyomoyo akajiwekea kwamba atamlipa tu wakirudi. Badru naye hakuona sababu ya kumweleza habari za mama yake mtu mwenye mifuko kumi na saba. Mtu ameshika samaki, samaki ataliwa. Nani angefikiri vingine?

Jumamosi waliondoka saa kumi na mbili alfajiri, maji yakiwa yameanza kupwa. Badru alipiga hesabu yake. Saa moja kufika kwenye kijito anachokijua, saa mbili za kuvua, na kabla ya saa nne lazima wawe wametoka, maana siku za bamvua kijito kile hukauka kikabaki tope la kumezea mtu kiunoni. Saa tano awe nyumbani, Mwantumu amekwisha kuna nazi.

Njia nzima Ukasha alikuwa akiongea. Alieleza kwamba katika uvuvi huu chambo hakina uzito, uzito uko kwenye mshipi wenyewe, kwa hiyo unachorusha ni mshipi na nzi anafuata tu. Alieleza namna ya kumfunga nzi kwa manyoya ya shingo ya jogoo, wala si ya mkia, maana ya shingo hupumua majini. Alieleza pia kwamba kijino cha ndoana lazima kiminywe kwa koleo, ili ndoana itoke kwa urahisi. Badru alikuwa akisukuma upondo huku akijiuliza mtu anayetaka ndoana itoke kwa urahisi alimtia ndoana samaki wa nini. Hakuuliza. Alimwona kama watoto wanaopikia mchanga kwenye vifuu, unawapita tu.

Walipofika, Ukasha alisimama mbele ya mtumbwi akaanza kupungia hewa. Mshipi wa rangi ya limau ukaenda nyuma, ukaja mbele, ukaenda nyuma, ukaja mbele. Badru aliona aibu kwa niaba yake. Alishukuru wenzake wako dago, maana wangeliona hili wangelisimulia hadi Mafia.

Kisha manyoya yakatua kwenye ukingo wa mikoko, Ukasha akauvuta mshipi kwa mkono wa kushoto, kidogo kidogo, kwa kushtukiza, na maji yakapasuka.

Kilikuwa kitu kikubwa. Fimbo ilipinda hadi ncha yake ikagusa maji, gurudumu la mshipi likalia, na Ukasha akapigana naye kama robo saa huku akicheka peke yake. Alipomfikisha ubavuni mwa mtumbwi Badru alimwona vizuri, kolekole mpana wa fedha, mapezi ya manjano, wa kulisha safu nzima ya waalikwa. Akamwahi na mikono miwili. Ukasha akamzuia, akalowesha viganja vyake, akamshika samaki mkiani kwa upole, akamgeuza uso dhidi ya mkondo, akamsubiri avute pumzi. Halafu akamwachia.

"Pole," Badru akasema. Alidhani amemponyoka.

Wa pili alikuwa mdogo kidogo kuliko yule, naye alipigwa picha, akaloweshewa mikono, akaachiwa. Safari hii Badru alikuwa anatazama vidole, na akaviona vikifunguka vyenyewe. Akaweka upondo chini. Akauliza kwa sauti ya taratibu, ile aliyoitumia kwa watu wenye homa kali, kwamba je, bosi ni mzima?

Ukasha akamweleza. Raha ya mchezo huu iko katika kumpata samaki, si katika kuwa naye. Unamshinda kwa ufundi, unamshukuru, unamrudisha, kesho akue, mtu mwingine amfurahie. Aliyasema hayo kwa moyo safi, na moyo safi huo ndio uliomchafua Badru.

"Yaani umetoka na gari yako Bungu," Badru akasema, "umekuja kumsumbua samaki wa watu, umemtoboa mdomo, halafu unamwambia aende salama. Ungebaki kwenu ukapungia mikorosho. Na fungu langu liko wapi? Wale wawili, mmoja wangu. Weye umemwachia wako, na wangu nani kakuruhusu?"

Ndipo ikabidi asemwe marehemu. Badru alimtaja mama yake kwa kinyongo, kama mtu anayetoa shilingi ya mwisho mfukoni, na akaona uso wa Ukasha ukibadilika kabisa. Mtu wa Bungu ni mtu wa Bungu, arobaini anaijua. Aliomba radhi mara nne. Akasema ungeniambia, kaka, na kuanzia sasa wote ni wako, hata nusu usizungumzie.

Ahadi njema, ila samaki waliisikia wakaondoka. Ukasha alirusha, akarusha tena, haraka haraka kwa kutaka kusaidia, na kila alivyoharakisha mshipi ulizidi kudondoka rundo. Alikuwa akirusha katikati ya kijito. Badru alikwisha ona mikizi wakirukaruka kwenye mdomo wa kijifereji upande wa pili, mahali maji ya kupwa yanapowatoa mikokoni, na alijua kolekole wamejipanga pale chini wakiwangoja. Akamwelekeza. Mrusho wa Ukasha haukufika. Akamwelekeza tena. Nzi akanasa kwenye mzizi.

"Lete hapa," Badru akasema.

Mrusho wa kwanza wa Badru ulimvua kofia yake mwenyewe, baraghashia aliyoivaa kwa ajili ya hitma, ikaelea na nzi akiwa juu yake. Wa pili ulimchapa shingoni. Ukasha alimwambia asitumie kiwiko chote, ashike fimbo kama anagonga msumari ukutani, asimamishe mkono, asubiri mshipi unyooke nyuma ndipo aulete mbele. Subira hiyo ya nyuma ndiyo kazi yote. Badru alimsikiliza huku amenuna. Alisubiri. Akahisi mshipi ukivuta kidogo mgongoni kwake, ukiomba ruhusa, akauleta mbele, nao ukaondoka mrefu, umenyooka, ukamweka nzi mdomoni mwa kijifereji kimya kimya.

Aliendelea kununa. Lakini mwilini mwake kulikuwa na kitu kilichofurahi, na alikisikia.

Alivuta mara mbili, na kolekole akampiga. Asiinue fimbo, Ukasha alipiga kelele, avute mshipi kwa mkono. Badru alikuwa amekwisha uvuta, maana hilo ni jambo la mshipi na mishipi aliijua. Samaki akaenda. Kwa miaka thelathini Badru alikuwa amewatoa samaki majini kwa wavu, wamelegea, wamechoka, marundo kwa marundo, na hajapata hata mara moja kujua kila mmoja wao anataka nini. Huyu alimweleza. Alikwenda chini, akageuka, akatikisa kichwa, akaikimbilia mizizi, na kila alilokusudia lilimfikia Badru viganjani kabla hajalifanya. Alipomwingiza mtumbwini alijikuta anacheka peke yake, na alimpiga rungu la kichwa kwa haraka ili Ukasha asimwone.

Saa tatu na robo walikuwa na samaki watatu ndani ya mtumbwi. Mwantumu alikuwa na mkono wa kukata samaki mmoja vikatoka vipande ishirini. Waalikwa walikuwa sitini. Hesabu ilikuwa imetimia.

Ukasha akatazama ukingo, tope lilikuwa limeanza kung'aa chini ya mizizi. Akauliza kama wakati umefika.

"Bado kidogo," Badru akasema.

Alimpata wa nne, mdogo wa kiganja na nusu. Akalowesha mikono, akamgeuza dhidi ya mkondo, akamwachia, wala hakujisikia akifanya hivyo. Ukasha alimwona akatabasamu. Baadaye kidogo aliuliza tena habari ya maji. Bado kidogo. Mtumbwi ukagusa chini, Badru akausogeza kwa mguu mmoja bila kuacha kurusha. Sasa mrusho wake ulikuwa unakwenda mbali kuliko wa mwenye fimbo. Akapigwa na samaki ambaye mfano wake hakuwahi kuuona, na huyu naye hakumwona, aliyechukua mshipi wote wa limau na uzi ulio nyuma yake, akaukata mshipi karibu na ndoana akaenda zake. Badru alibaki mdomo wazi. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akaomba nzi mwingine.

"Kaka Badru," Ukasha akasema, "twende. Kuna watu nyumbani."

"Nimesema bado kidogo."

Alipogeuka mwenyewe, kijito hakikuwepo. Mtumbwi ulikuwa umekaa juu ya tope kama kuku anayeatamia, na maji yalikuwa mstari mwembamba mbali kule. Ilikuwa saa nne na nusu. Mtu aliyejua maji ya Kipandeni kuliko kalenda, ambaye watu humuuliza yeye siku ya kusafirisha maiti na siku ya kusafirisha bibi harusi, alikuwa amekwama kwenye kijito anachokijua tangu utotoni kama mgeni wa bara. Alishuka kusukuma, akazama hadi mapajani, akapanda tena.

Walikaa pale kwa muda wa saa tano nzima. Adhuhuri ikaingia, wakasali wamekaa kwenye mtumbwi. Waliwafunika samaki kwa majani ya mkoko na kuwamwagia tope, lakini jua la mchana halikujali majani. Barafu haikuwepo, Ukasha hakuwahi kuwa na sababu ya kubeba barafu. Alijaribu kumfariji, akasema Mungu anajua nia. Badru alimwambia anyamaze, na hakumwambia kwa adabu.

Walifika nyumbani saa kumi na nusu. Wanawake walikuwa wakisugua masufuria uani, na majamvi yalikwisha kunjwa. Watu watano sita walikuwa bado wamekaa kibarazani wakishushia kahawa, na walipomwona Badru walisimama wote wakamhimidi Mungu. Mwantumu akatoka jikoni kwa haraka, akamshika mikono, akampapasa kama anayetafuta alipoumia. Walikuwa wamehofia kiboko. Baada ya kumwombea marehemu, Shehe Saadi, aliyesoma hitma, alikuwa amewataka watu wanyanyue mikono tena, wamwombee na mwanawe aliyetoka alfajiri kumtafutia mama yake kitoweo, maji yamrudishe salama.

"Mmekula nini?" Badru akauliza.

"Wali na kunde," Mwantumu akasema. "Na wale hongwe wawili niliwavunjavunja nikawatia kwenye tui, kila mtu apate harufu. Usijali, kaka. Watu wameelewa, nimewaambia maji yamekukatalia."

Badru angenyamaza, na jambo lingeishia hapo. Lakini Ukasha alikuwa nyuma yake, amewabeba samaki, amejaa tope hadi kwenye mfuko wa kumi na saba, na alikuwa mtu mwema. Akatoa pole zake kwa heshima zote. Kisha akaona ni vizuri wafiwa wasikie jambo la kuwafurahisha kuhusu ndugu yao.

Akasema hajawahi kuona mkono kama ule. Watu husoma miaka mitatu kurusha vile, Badru kajifunza kwa nusu saa. Akasema hata fimbo alikuwa hataki kuirudisha. Samaki wametosha, maji yanaondoka, namwambia kaka twende, ananiambia bado kidogo. Alicheka aliposema hivyo. Kisha akaona hakuna anayecheka naye, na kicheko kikamwisha mdomoni.

Kibarazani mtu mmoja aliweka kikombe chini. Mwantumu alikuwa bado ameishika mikono ya kaka yake.

"Alikwambia bado kidogo mara ngapi?" akamuuliza Ukasha.

Mwantumu hakumngoja. Alimgeukia Badru, akamuuliza kwa sauti ndogo, ya ndani, ya watu wawili walionyonya ziwa moja.

"Kaka. Arobaini ya mama. Ulikuwa unacheza?"

Angeweza kumtaja kiboko. Angeweza kusema mgeni hajui, anatia chumvi, watu wa Bungu mnawajua. Alifungua kinywa akatafuta uongo, na kila uongo aliouona ulikuwa wa kudharaulika kuliko yeye mwenyewe alivyokuwa.

"Nilikuwa nacheza," akasema.

Mwantumu akamwachia mikono. Akampokea Ukasha samaki wale, akafunua shavu la mmoja, akanusa, akawarudisha, ila safari hii alimpa Badru. Akamwambia akawafukie mbali na mlango, watu wasisikie harufu. Kisha akaingia jikoni, na wale wa kibarazani wakaanza kuaga mmoja mmoja wakimpitia Badru pembeni bila kumpa mkono.

Alichimba nyuma ya choo. Ukasha alikuja kuomba jembe amsaidie, akamfukuza. Aliwafukia wawili, akaanza kumchimbia wa tatu, na jembe likiwa hewani akajikuta anamfikiria yule mkubwa aliyekata mshipi. Kwamba hakukata kwa nguvu bali kwa sababu Badru aliminya gurudumu mapema. Kwamba wiki ijayo maji yatakuwa mafu, yatapwa polepole, yataacha kina cha kutosha hata saa sita. Aliona haya, haya ya kweli, peke yake pale na jembe lake. Lakini hesabu ya maji aliimaliza.